Lori lina umeme wa kutosha likitembea, shida inaanza likizima

Mwezi wa pili, joto la Dar lile la kukatisha tamaa, mzee mmoja dereva wa semi aliingia gereji tunapofanyia kazi pale Tabata, anapiga safari za kupitia mpaka wa Tunduma kwenda Zambia mpaka Kongo, akashuka hana raha kabisa. Shikamoo mzee, marahaba, alafu kabla sijauliza kitu akasema fundi, hizi betri ni za tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara inakufa ile ile ya upande mmoja, hebu niambie kama nauziwa feki. Ndani ya kebini kulikuwa na redio kubwa, friji ndogo, feni, tivii, inveta ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, chaja za simu za yeye na utingo wake na taa za rangi juu ya kioo, yaani nyumba kabisa, na hiyo mimi silaumu hata kidogo maana mtu anayelala ndani ya gari siku 20 kwa mwezi hiyo ni nyumba yake kweli.

Nikachukua mita nikapima gari ikiwa imezimwa, betri moja ikasoma 12.7, mwenzake 11.9. Nikamwambia awashe, nikapima zote kwa pamoja nikapata volti 28.1 ambayo ni sawa kabisa, altaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, ni nzima, mtu angeishia hapo angesema gari haina tatizo. Ila nilipopima moja moja injini ikiwa inanguruma, moja ilikuwa inapata 14.9 na nyingine 13.2. Hapo nikajua bila hata kufungua dashibodi kwamba kuna fundi amechukua volti 12 kutoka betri moja ili awashe redio, na nilipofuata waya nikaukuta kweli, mwekundu, umefungwa kwenye ule waya mfupi unaounganisha betri mbili. Hilo kosa nimelikuta kwenye malori mengi kuliko kosa lingine lolote na ndio maana nimeamua nianze nalo kwenye haya maelezo ya kutumia vifaa vya kebini bila kuua betri.

Iko hivi. Malori makubwa karibu yote tunayoyaona yakitoka bandarini ni ya volti 24, na hizo 24 zinapatikana kwa betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana, pozitivu ya moja inaingia negativu ya nyingine. Fikiria mzega, yule mchuuzi wa maji na mti wake begani na debe mbele debe nyuma. Altaneta ni mtu anayejaza maji kwenye mzega ila yeye hawezi kuchungulia ndani ya debe moja moja, anachosikia ni uzito wa jumla tu, jumla ikifika 28 na kitu anaona kazi imeisha anapunguza. Sasa wewe ukiwa unachota kwenye debe moja peke yake kila siku, redio inachota, chaja inachota, hilo debe linabaki pungufu na lile lingine limejaa, altaneta akija kujaza anamwaga sawa kwa sawa kwenye yote mawili kwasababu umeme unaopita kwenye betri ya kwanza ndio huo huo unaopita kwenye ya pili. Matokeo yake ile iliyojaa inazidi kupewa mpaka inachemka, maji yanakauka, na ile pungufu haijazwi hata siku moja, inabaki na njaa na njaa kwenye betri ya asidi inatengeneza ukoko mgumu juu ya zile sahani za ndani, ukoko ukishakomaa hata uichaji wiki nzima hairudi. Kwahiyo unaua betri mbili kwa magonjwa mawili tofauti kwa waya mmoja. Alafu dereva anaenda kununua betri moja mpya kuweka badala ya iliyokufa, na hapo anaongeza tatizo, maana mpya na kuukuu hazijazi sawa, mzega unapinda tena. Betri za lori zinabadilishwa mbili kwa pamoja, kampuni moja, saizi moja, umri mmoja, hata kama inauma mfukoni.

Dawa yake sio ghali. Kama kifaa ni cha volti 12 tu, weka konvata, kile kidude cha kupokea 24 na kutoa 12, kinachota kwenye betri zote mbili kwa usawa. Angalia ampea zake, redio ya kawaida konvata ya ampea 10 inatosha, ukiwa na amplifaya piga hesabu upya. Na kabla hujanunua konvata soma kibandiko nyuma ya kifaa chenyewe kwanza maana vifaa vingi vya magari siku hizi, chaja za simu, friji, kamera, vimeandikwa 12/24V na hivyo vinapokea 24 moja kwa moja, konvata ya nini. Nimewahi kumkuta mtu amenunua konvata kwa ajili ya friji ambayo ingeweza kuingia 24 bila shida, na ile konvata ndio ilikuwa inapata moto.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe ambalo watu wengi wanaliuliza vibaya. Wanauliza je altaneta yangu itaweza kubeba hivi vyote? Hebu tupige hesabu. Altaneta ya lori ya ampea 80, kwa volti 28 hiyo ni wati 2,240. Gari yenyewe usiku ikiwa inatembea inahitaji taa za mbele, kwa balbu za kawaida za lori karibu wati 150 kwa mbili, taa za nyuma na za pembeni mpaka za trela tuseme 150 nyingine, feni ya kiyoyozi, waipa kama mvua ipo, kompyuta ya injini na vitu vyake, mimi nikijumlisha huwa napata kama wati 600 mpaka 700. Bado una wati 1,500 hivi mkononi. Friji yako ni wati 45. Tivii 40. Feni 20. Yaani ukiwa Chalinze unaelekea Morogoro injini inazunguka vizuri, vitu vyote vya kebini ukiviwasha kwa pamoja altaneta hata haisikii.

Kwahiyo mtu anayekuambia suluhisho ni kufunga altaneta kubwa zaidi mwambie asubiri kidogo. Umeme wa lori likitembea upo wa kumwaga, shida inaanza pale unapozima. Na kuna hali ya katikati, foleni, pale unapokaa barabara ya Mandela masaa matatu unasubiri kuingia bandarini, injini inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, hapo altaneta inazunguka polepole na inaweza kutoa nusu ya uwezo wake au pungufu, na ndani ya injini kuna joto na altaneta ikipata joto inatoa kidogo zaidi. Injini kunguruma hivyo inakula dizeli kama lita 2 mpaka 3 kwa saa, kwahiyo kuwasha lori usiku kucha ili friji iendelee ni njia ghali sana ya kupooza soda.

Injini ikizima, kipimo kinabadilika. Haupimi tena wati, unapima wati mara masaa. Hapa ndipo watu wanapodanganyika na nitatoa mfano ambao huwa unawashangaza hata mafundi wenzangu. Kuna yale mabirika ya kuchemshia chai ya volti 24, wati 300 hivi, kila mmiliki wa gari akiliona anafoka hilo dude litaniua betri. Na kuna friji, wati 45, hakuna anayeiogopa. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka kwenye joto la kawaida kunahitaji kama wati-saa 90, ongeza kinachopotea hewani sema 100, dakika 20 umemaliza na birika umezima. Friji ya kompresa kwenye joto letu inawaka kama nusu ya muda wote, nusu ya 45 ni 22 na kitu, mara masaa 24, unapata wati-saa 540. Friji inakula mara tano ya birika kwa siku na wala haipigi kelele. Anayemaliza betri ni yule anayekula kidogo kidogo bila kuacha.

Tuchukue usiku mmoja, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Friji wati-saa 270. Tivii masaa manne 160. Feni masaa manane 160. Redio masaa matano 100. Chaja za simu mbili 60. Taa ya ndani 50. Na inveta yenyewe, hata kama haijachomekwa kitu, ile taa yake ya kijani ikiwaka tu inakula kama wati 10, masaa 12 ni 120, hiyo ni hasara tupu na watu wanaiacha imewashwa kwasababu hawajui. Jumla 920. Gawanya kwa 24 unapata ampea-saa 38.

Betri zako kama ni zile zinazoitwa N150, ni ampea-saa 150, na usijidanganye kwamba mbili zinakuwa 300, zikifungwa kwa kufuatana volti ndio zinaongezeka, ampea-saa zinabaki 150. Kwahiyo usiku mmoja umekula robo. Asubuhi gari inawaka vizuri, unaenda zako, altaneta inarudisha, hakuna tatizo, na ndio maana miezi ya kwanza unaona mambo mazuri tu. Ila sasa umefika Tunduma. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 900, betri zimejaa kabisa, unakuta foleni haitembei. Usiku wa kwanza 38. Mchana wake friji na feni na redio ukiwa umepumzika kebini, wati-saa 700 nyingine, umefika ampea-saa 67. Usiku wa pili tena 38, sasa ni 105, asilimia 70 imeondoka. Asubuhi foleni inasogea, unageuza ufunguo, stata, ile mota ya kuwashia injini, inasema tik tik tik. Hapo unaanza kuomba kubustiwa na wenzako huku nyuma honi zinapigwa. Na hii ni kwa betri mpya, zikiwa kuukuu zimebaki na nusu ya uwezo, hiyo tik tik unaikuta mapema zaidi.

Kuna jambo lingine hapo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, mamia ya ampea stata ikizunguka, alafu ijazwe hapo hapo. Sahani zake za ndani ni nyembamba na nyingi. Haikutengenezwa kushushwa mpaka nusu kila usiku. Ukifanya hivyo kila siku inakufa mapema sana, hata kama ni orijino kutoka dukani mtaa wa Gerezani na risiti unayo. Joto linaongeza, kanuni ambayo mafundi wa betri wanaitumia ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka umri wa betri unapungua kama nusu, na betri ya lori inakaa nje kwenye joto la Dar es Salaam, wewe fikiria mwenyewe. Mimi kwa betri za kuwashia huwa nawaambia madereva wasile zaidi ya theluthi moja, wakifika hapo wazime vitu au wawashe injini.

Utajuaje umefika theluthi? Nunua kile kipimo kidogo cha volti cha kuchomeka kwenye dashibodi, bei yake ni ya kawaida sana, na ukariri namba tatu. Betri zikiwa zimepumzika masaa kadhaa, 25.4 ni zimejaa, 24.4 ni nusu, 24.0 umebakiwa na robo hivi, kwahiyo theluthi imeondoka ukiona kama 24.7. Friji ikiwa inawaka namba inashuka kidogo kuliko ukweli, usiogope. Friji nyingi za kompresa pia zina ulinzi ndani yake wa kujizima volti zikishuka, ulinzi wenye ngazi tatu, na nyingi nazikuta zimewekwa ngazi ya chini kabisa kwasababu dereva alichoka kuona inajizima. Kama friji inachota kwenye betri zinazowasha gari, weka ngazi ya juu kabisa. Soda kuwa ya moto ni afadhali kuliko kulala porini Mikumi gari haiwaki.

Waya. Hapa naomba mnivumilie maana ndipo magari yanapoungua.

Umeme wa volti ndogo unahitaji waya mnene kuliko umeme wa nyumbani kwa kazi ile ile. Nyumbani inveta ya wati 500 ikitoa 230 ni ampea 2 na kidogo, waya mwembamba unatosha, lakini upande wa betri zile zile wati 500 ni ampea kama 23. Watu wanachukua waya wa nyumba, wa milimita 2.5 za mraba, wanauvuta mita tano kutoka kwenye betri mpaka kebini na mita tano kurudi, wanafunga inveta. Waya huo wa mita 10 unapoteza volti 1.6 na ndani yake kuna wati kama 37 zinageuka joto, chini ya kapeti, karibu na godoro. Shika waya wa namna hiyo baada ya nusu saa utanielewa. Alafu inveta inaanza kulia pii pii volti ziko chini, dereva anasema betri mbovu, ananunua betri, inalia tena. Betri nzima, waya ndio unameza. Badilisha weka wa milimita 10, hasara inashuka mpaka volti 0.4, kelele inaisha. Na angalia isiwe ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu, inauzwa bei nafuu na kwa macho inafanana, kwaruza kwa kisu ukiona ndani ni nyeupe achana nayo, inapitisha umeme kidogo zaidi na inakatika kwa mtikisiko wa barabara.

Fyuzi inakaa kwenye betri, sio kwenye kifaa. Hili watu wanalipinga sana na nalielewa kwanini, wanadhani fyuzi inalinda redio. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka nyuma ya redio, ile mita tano yote kutoka kwenye betri haina mlinzi, waya ukisuguliwa na chuma cha chasisi mpaka ganda likatoka, betri inamwaga mamia ya ampea kwenye waya huo na hakuna kitu kitakachokata mpaka uwe mwekundu kama makaa. Kwahiyo fyuzi ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye betri, na saizi yake iendane na waya, wa milimita 2.5 usizidishe ampea 20, wa milimita 10 fyuzi ya 50 inatosha. Fyuzi ikikatika mara mbili kuna sababu, itafute. Kufungia kipande cha waya au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara pale kwenye fyuzi nimeona imeunguza kebini nzima, dereva alitoka akiwa na suruali tu na simu, mizigo yake yote na hati za kusafiria viliteketea.

Kuhusu pa kuchukulia umeme, kwenye malori ya kisasa yenye kompyuta usichune waya wowote unaouona chini ya dashibodi ukaunganisha kwa selotepu kwasababu umeona una 24. Huo waya inawezekana ni wa sensa au wa kompyuta ya injini, siku unaubebesha friji taa za hitilafu zinawaka dashibodi nzima na injini inaweza kukataa kuwaka. Toa laini yako mwenyewe kutoka kwenye betri, ipitishe fyuzi, ifike kebini kwenye kisanduku chako kidogo cha fyuzi, vifaa vyote vichote hapo. Kama unataka vitu fulani vizime vyenyewe ukitoa ufunguo, weka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, waya mwembamba wa ufunguo uwe unaamrisha rilei tu na sio kubeba mzigo. Ethi nayo, yaani waya wa kurudisha umeme, irudi kwenye negativu ya betri au sehemu ya chasisi iliyokwanguliwa rangi vizuri, ethi mbovu ndio chanzo cha redio kukoroma na taa kucheza cheza.

Inveta nunua ya volti 24, sio ya 12 kwa kuchukua betri moja, tumeshaona mzega unavyopinda, na ya 12 ya wati 1,000 ikifanya kazi kamili inachota karibu ampea 90 kwenye betri moja hiyo hiyo. Ila ushauri wangu ni kwamba inveta itumike kwa kile ambacho hakina njia nyingine. Kubadilisha 24 kwenda 230 alafu chaja ya simu irudishe 230 kwenda volti 5 ni kupoteza umeme mara mbili, wakati chaja ya kuchomeka 24 moja kwa moja ipo. Hata tivii nyingi ndogo zinakula volti 12 ndani, konvata inatosha. Ukizima inveta kabisa usiku umeokoa zile 120 zetu.

Kwa wale wanaolala siku nyingi barabarani, jibu la kweli ni betri za kebini kuwa mbali na betri za kuwashia. Unaweka jozi nyingine, na hizi ziwe za aina inayovumilia kushushwa, kama zile za sola, alafu katikati unaweka rilei inayosoma volti. Injini ikiwaka volti zikapanda kupita 26 na nusu hivi rilei inaunganisha, zote zinajazwa, injini ikizima volti zinashuka rilei inaachia, kuanzia hapo friji na feni vinakula upande wa kebini peke yake. Zikiisha zimeisha, lakini stata ina betri zake hazijaguswa, gari itawaka. Uunganishe kwa waya mnene wenye fyuzi pande zote mbili, maana sasa kuna betri kila upande na kila moja inaweza kuunguza waya. Na ujue betri iliyoshuka sana inajaa haraka mpaka kama asilimia 80 alafu hiyo iliyobaki inachukua masaa mengi, kwahiyo kutoka Kurasini kwenda Kibaha na kuzima tena hakujazi kitu.

Sola juu ya kebini mimi naipenda sana na nashangaa wengi bado hawajaifikiria. Paneli mbili za wati 100 za volti 12, zikifungwa kwa kufuatana kwa ajili ya betri za 24, kwa jua letu la masaa manne na nusu hivi ya nguvu kamili, ukitoa vumbi, joto na kulala kwake flati bila kuelekea jua, unapata kama wati-saa 600 kwa siku. Friji ilikuwa inataka ngapi? 540. Yaani friji imejilisha yenyewe hata ukikaa Tunduma wiki. Weka kontrola ya chaji, kile kidude cha kusimamia sola inavyojaza betri, inayokubali 24, unganisha betri kwenye kontrola kwanza ndipo paneli, na paneli zifungwe kwa bolti, sio gundi, upepo wa barabarani hauna huruma, na angalia mapema urefu wa gari lako usije ukakwama mahali.

Mambo mawili ya haraka kabla sijarudi kwa mzee. Swichi kubwa ya kukata betri usiizime injini ikiwa inawaka, altaneta ikipoteza betri ghafla volti zinaruka juu na zinaua dayodi zake na kompyuta za gari kwa mpigo. Na ukienda kuchomelea chasisi au bodi, toa vichwa vya betri na waya wa altaneta kwanza, mwambie mchomeleaji afunge ethi yake karibu kabisa na anapochomelea. Nimepokea lori ambalo lilienda kuchomelewa bampa tu likarudi haliwaki.

Yule mzee tulimtolea waya wa katikati, tukaweka konvata ya ampea 10 kwa redio, waya wa milimita 10 mpaka kebini na fyuzi pale pale kwenye betri, friji ikaingia 24 moja kwa moja na ulinzi wake tukaupandisha juu. Betri zote mbili tukabadilisha, hakufurahi lakini nilimuonyesha mita akakubali mwenyewe. Jozi ya pili alisema hana hela kwa wakati ule, ataanza na sola. Nilipita na mita ya kubana, ile inayoshika waya kwa nje na kusoma ampea, kwenye waya mkuu gari ikiwa imezimwa kila kitu nikakuta bado kuna ampea 0.4 inatoka, tukafuata mpaka kwenye zile taa za rangi juu ya kioo, swichi yake ilikuwa inakata negativu na waya ulikuwa unagusa bodi. Ampea 0.4 kwa siku ni karibu ampea-saa 10, kwa taa ambazo hata mchana hazionekani. Tukarekebisha.

Baada ya wiki mbili alinipigia akiwa foleni, siku ya pili bila kuwasha injini, akanisomea kipimo cha dashibodi alfajiri, 24.9. Akaniuliza hiyo namba ni nzuri? Nikamwambia mzee ni nzuri, chemsha chai.